Kazi Inayokawia na Sababu Isiyoonekana

Kungoja ni jambo gumu, lakini kungoja bila kujua sababu ni gumu zaidi. Msafiri aliyeambiwa kwamba basi limevunjika ekseli huketi chini ya mti akazungumza na wenzake. Lakini asiyeambiwa neno huwaza mambo mia, na katika hayo tisini na tisa si kweli.

Fikiri, msomaji, juu ya nyanya mmoja katika kijiji cha mbali cha Kitui au Makueni. Amekwisha kupita umri wa miaka 70, na jina lake limo katika orodha ya wazee wanaosaidiwa na Serikali ya Kenya katika mpango uitwao Inua Jamii. Mpango huo ulipopanuliwa mwaka 2018 ili uwafikie wazee wa umri huo nchini kote, kiasi kilichowekwa kilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuseme siku iliyotazamiwa imefika, na fedha hazikufika. Nyanya huyu ameshuka mlimani kwa miguu hadi sokoni, naye atapanda tena mikono mitupu. Wakala wa benki hajui sababu. Chifu naye hajui. Mmoja asema fedha zimeibwa. Mwingine asema mtandao umekatika. Wa tatu asema karani fulani amelala. Yamkini wote watatu wamekosea.

Insha hii yakusudia kukuonyesha jinsi wanadamu walivyojifunza, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, kuitafuta sababu ya kazi iliyokawia. Neno lake kuu ni fupi: mahali pa kungojea aghalabu si mahali pa kasoro, na atafutaye kasoro bila daftari hutafuta gizani.

Kwanza yatupasa kujua kazi yenyewe. Kompyuta hufanya kazi kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya papo kwa papo: mtu auliza, mtambo wajibu. Namna ya pili ni ya mkupuo: kazi nyingi za aina moja hukusanywa pamoja, mathalani mishahara ya walimu wote, au hesabu zote za benki za siku moja, kisha hupewa mtambo zifanywe mfululizo, mara nyingi usiku watu wanapolala. Kazi moja hungoja nyingine imalizike, kwa kuwa matokeo ya ile ya kwanza ndiyo chakula cha ile ya pili. Asubuhi, mambo yakiwa mema, kila kitu kipo tayari, wala hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na kazi. Mambo yakiharibika, nchi nzima yaweza kuamka na kukuta mlango umefungwa.

Kazi za namna hii zilianza katika duka la chai. Katika jiji la London ilikuwako kampuni kubwa ya J. Lyons, iliyokuwa na mikahawa mingi ya chai na viwanda vya mikate. Wakuu wake walichoshwa na wingi wa makarani na makaratasi, wakaamua kujenga kompyuta yao wenyewe. Mwaka 1951 mtambo huo ulianza kufanya hesabu za mikate, ukawa wa kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za biashara. Uliitwa LEO, jina ambalo kwetu lina maana ya siku hii tuliyo nayo, lakini kwao lilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Ofisi ya Elektroniki ya Lyons. Karani hodari alihitaji dakika 8 kuhesabu mshahara wa mtu mmoja. LEO uliuhesabu kwa sekunde moja na nusu.

Walakini mafundi wa Lyons walijifunza jambo ambalo yafaa ulishike. Mtambo wao ulikuwa mwepesi wa kuhesabu, lakini kadi zenye habari zilisomwa polepole, na majibu yalichapwa polepole zaidi. Kwa hiyo ubongo wenye kasi ya ajabu ungeweza kukaa bure, ukingoja kulishwa na kuondolewa mzigo. Kuongeza kasi ya kuhesabu kusingaliwafaa kitu. Walichofanya ni kuupa mtambo njia kadhaa za kuingizia na kutolea habari, pamoja na mahali pa kuziweka kwa muda, ili kazi moja isomwe wakati nyingine inahesabiwa. Hawakuutibu ubongo, bali koo.

Mtu wa Kitui hatalishangaa somo hili, kwa sababu amelijua kisimani. Wakati wa kiangazi mito ya Ukambani hukauka, lakini maji hubaki chini ya mchanga. Watu hufukua shimo, maji yakajikusanya polepole, nao huteka kwa kata na kujaza madumu, punda wakisimama kando. Ukiwaona watu 20 wamesimama kwa zamu, utadhani dawa ni kuleta kata nyingine 20. La, hasha! Shimo halitoi maji haraka zaidi kwa sababu ya wingi wa kata. Kinachotawala mwendo wa foleni yote ni kasi ya maji kupenya mchangani. Kwa hiyo wenye akili hawakununua kata, bali walijenga kuta za mawe na saruji katika makorongo ili mchanga ujikusanye na kuhifadhi maji mengi zaidi. Kuta hizo zimejengwa kwa wingi katika Kitui na Makueni.

Mambo ya foleni yalipewa hesabu yake na mtu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya jiji la Copenhagen. Yeye alitaka kujua ni waya ngapi zinatosha ili wapigaji simu wasingoje mno, akaanza kutoa maandiko yake mwaka 1909. Hesabu iliyokua kutoka katika msingi wake yaweza kueleweka kisimani. Tuseme dumu moja hujaa kwa wastani wa dakika 5, mara haraka kidogo, mara polepole kidogo; basi kisima chaweza kuhudumia watu 12 kwa saa. Wakija watu 6 kwa saa, kila mmoja kwa wakati wake bila mpango, kila mtu atakaa hapo, kungoja na kuteka, wastani wa dakika 10. Wakija 9, atakaa dakika 20. Wakija 11, atakaa saa nzima!

Itazame vema hesabu hiyo. Kutoka 9 hata 11 wameongezeka watu wawili tu, lakini muda umekuwa mara tatu. Kisima hakikupasuka, wala hakuna aliyefanya uvivu. Hivi ndivyo mtambo wa kompyuta uliotumika vizuri miaka mitano unavyoweza kuanza kukawia ghafula, bila kitu chochote kuvunjika: kazi zimeongezeka kidogo kidogo, mpaka zikakaribia ukomo wa nguvu zake. Anayetafuta kilichovunjika atatafuta milele, kwa kuwa hakipo.

Sasa tutoke kisimani twende relini, maana watu wa Makueni wameishi kando ya reli tangu zamani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, baada ya kupita nyika ya Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Ilikuwa ya njia moja. Treni mbili zilizoelekeana hazikuweza kupishana isipokuwa penye stesheni, ambako moja iliingia kando na kuingoja nyingine ipite.

Tuseme katika siku za injini za moshi ulikuwa umesimama Emali, ukingoja treni itokayo Nairobi ikupeleke Mombasa, nayo imekawia saa mbili. Bila shaka ungetazama upande wa Nairobi na kuwalaumu watu wa huko. Lakini treni yako iliondoka Nairobi kwa wakati wake. Imesimama Sultan Hamud, kwa sababu imeamriwa kuingoja treni nyingine itokayo Mombasa. Na hiyo ya Mombasa imesimama Makindu kwa sababu injini yake ina kasoro. Basi kasoro iliyokuchelewesha haiko nyuma ya treni yako, bali iko mbele yake, katika mji ambao treni hiyo haijaufikia bado! Ungeijuaje sababu hiyo? Kwa ukali? Kwa kubahatisha? La. Ungeijua kwa daftari. Kila mkuu wa stesheni aliandika saa ya treni kuingia na saa ya kutoka, na aliyeweka madaftari ya stesheni hizo pamoja aliweza kuona mahali hasa ambapo saa mbili zilipotea.

Kompyuta zina njia zao moja. Kazi mbili zikitaka kuandika katika daftari moja la hesabu kwa wakati mmoja, mtambo huipa moja ufunguo, na nyingine husubiri mlangoni. Ile inayosubiri huonekana kuwa mgonjwa, na kumbe mgonjwa ni yule aliyeshika ufunguo.

Historia yetu ya Afrika ya Mashariki yatuonyesha hasara inayopatikana watu wanapokosa elimu hiyo. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza katika Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, mtambo wa kampuni ya Uingereza, na matumaini yalikuwa makubwa: Serikali changa ingezijua hesabu zake upesi na kwa usahihi. Lakini mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali katika kompyuta haukwenda ulivyotazamiwa. Wataalamu wengi walikuwa wageni; wananchi walioielewa kazi yenyewe walikuwa wachache mno; fedha zilitumika, na hesabu zikavurugika hata ikabidi kurudia kalamu na daftari. Mwaka 1974 Serikali ilitoa amri ya kuzuia kompyuta kuingizwa nchini bila idhini. Amri hiyo ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, ikaondolewa katika miaka ya 1990.

Tusiwacheke waliotoa amri hiyo. Nchi maskini ilikuwa ikitoa fedha za kigeni kununua kitu ambacho hakikuleta faida, na mlinzi mwema wa hazina hana budi kufunga mlango. Lakini tujiulize: je, kasoro ilikuwa katika mtambo? Mitambo ya namna hiyo ilifanya kazi sawasawa katika nchi nyingine. Kilichokosekana ni watu wa nyumbani wawezao kuufuata mwendo wa kazi hatua kwa hatua, na kusema: hapa ndipo ilipokwama, na hii ndiyo sababu. Palipokosekana mtu wa kusema hivyo, mtambo ulihukumiwa, na elimu nayo ikakaa nje ya mlango kwa miaka mingi.

Wala usidhani kwamba mataifa tajiri yamesalimika. Mwezi wa Juni 2012, mafundi wa Royal Bank of Scotland walibadilisha programu inayopanga kazi za mkupuo za usiku, ile inayosema kazi ipi itangulie na ipi ifuate. Programu mpya ilileta matatizo. Nao, kwa kutaka kuponya upesi, wakaiondoa na kurudisha ya zamani. Lakini hawakuwa wamejaribu kwanza kama ile ya zamani ingepatana na mambo yaliyokwisha kubadilishwa. Haikupatana. Mpango wa kazi ukachafuka, kazi za usiku huo hazikumalizika, na usiku wa pili ukaleta kazi zake juu ya zile za kwanza. Wateja zaidi ya milioni 6.5 katika Uingereza waliguswa, wa benki hiyo na dada zake NatWest na Ulster Bank. Wengine hawakuona mishahara yao, wengine walishindwa kulipa madeni yao, na wa Ulster Bank waliendelea kusumbuka hata Julai. Mwaka 2014 wasimamizi wa mabenki waliitoza faini ya jumla ya pauni milioni 56. Jeraha la kwanza lilikuwa dogo. Dawa iliyotiwa kwa pupa ndiyo iliyolifanya donda ndugu.

Basi, msomaji, ufanye nini ukikabidhiwa siku moja kazi inayokawia bila sababu kujulikana? Chukua mfano huu, niliouwaza kwa ajili ya somo letu tu. Chama cha ushirika cha wakulima wa maembe katika Makueni kina kompyuta inayohesabu malipo ya wanachama kila usiku. Kwa kawaida kazi huisha saa nane za usiku. Lakini usiku mwingine huendelea mpaka alfajiri, na wakulima wakija asubuhi hukuta malipo hayako tayari. Katibu asema mtambo umezeeka, utafutwe mpya. Bei yake ingalitosha kujenga ghala.

Fundi mwenye busara hasemi neno. Aanza kwa daftari. Kwa majuma mawili aandika saa ya kuanza na kuisha kwa kila hatua: kusoma majina, kuhesabu kilo, kuandika malipo, kuchapa orodha. Kisha aweka usiku mwema kando ya usiku mbaya na kulinganisha. Aona kwamba kusoma hakukubadilika, kuhesabu hakukubadilika, kuchapa hakukubadilika; ila kuandika malipo, ambako huchukua nusu saa, kulichukua saa nne. Basi robo tatu za shaka zimekwisha ondoka, wala hajagusa msumari mmoja.

Aendelea kuuliza: usiku mbaya ni upi? Daftari lajibu: Jumanne na Ijumaa. Ni nini hufanyika Jumanne na Ijumaa, nacho hakifanyiki siku nyingine? Amwuliza kila mtu mwenye kazi katika mtambo ule, hata vijana wa zamu, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Apata kujua kwamba mwezi uliopita mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliamuru nakala ya akiba ya daftari kuu ichukuliwe usiku wa siku hizo mbili. Kazi ya nakala yashika ufunguo wa daftari. Kazi ya malipo yasubiri mlangoni. Hiyo ndiyo treni iliyosimama Makindu.

Hata sasa hana haraka. Abadilisha jambo moja tu: saa ya kuchukua nakala aisogeza mbele mpaka baada ya malipo. Habadilishi mawili, maana kazi ikipona hatajua lipi lilikuwa dawa. Kabla ya kuligusa, aandika hali ilivyokuwa na kujaribu kama aweza kuirudia salama. Kisha angoja Jumanne na Ijumaa zipite, atazame daftari tena. Kazi yaisha saa nane. Mtambo mpya haukununuliwa, wala karani hakufukuzwa.

Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kila mahali ambapo sababu haijulikani, mtu mdogo hutiwa hatiani upesi: karani, mlinzi, wakala wa kijijini. Daftari lililoandikwa kwa uaminifu humtetea asiye na kosa, kwa kuwa halimwogopi mkubwa wala halimdharau mdogo. Kwa hiyo kutafuta sababu kwa utaratibu si ufundi tu; ni namna mojawapo ya kutenda haki.

Vijana wa Kitui na Makueni, kazi hii haiko mbali nanyi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mtu wa Wote aliweza kumtumia mama yake aliye Mwingi fedha kwa simu. Lakini mitambo iliyoihesabu shilingi hiyo ilikuwa ng'ambo, mpaka ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mitambo imekuja nyumbani. Yabaki kuwapo watu wa kuitunza. Siku yaja ambapo malipo ya mamia ya maelfu ya watu yatakawia usiku, na simu italia katika chumba cha mtu aliyesoma katika shule kama yako. Asipojua la kufanya, atakisia, atalaumu, atazima na kuwasha, na kulipokucha nyanya yule atashuka mlimani bure. Akijua, atauliza maswali machache: Ni hatua gani iliyokawia? Ilianza lini? Ni nini kilichobadilika? Ni nani mwingine anayetumia njia hii?

Haya ni maswali mepesi, na mtoto aweza kuyatamka. Ugumu wake ni kuyauliza kwa utulivu wakati wote wanapiga kelele, na kulikubali jibu hata kama kasoro yatoka mkononi mwako mwenyewe. Kwani kikulacho ki nguoni mwako. Jizoeze tangu sasa. Kazi yako ya shule ikikawia, usiseme upesi kwamba wakati ni mfupi au mwalimu ni mkali. Chukua karatasi, andika saa zako za juma moja, uzitazame. Huenda ukaiona treni yako, nayo imesimama mahali ambapo hukupata kupatazama.